Baba ana kidonda cha kulala, tumeambiwa apigwe ultrasaundi. Naombeni ushauri

Mwana wa Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Babangu alianguka mkarafuu, uti wa mgongo ukaumia, toka hapo miguu haina hisia. Tunamuuguza nyumbani. Sasa kimemtoka kidonda juu ya kifupa cha mkia, kikombe cha kahawa chaenea ndani. Mtu wa mazoezi ya viungo kasema apigwe mashine ya ultrasaundi mara tatu kwa wiki, nyama zitaota. Tuna ng'ombe mmoja tu. Tumuuze?

Nesi Mstaafu
Waalaykum salaam. Pole mwanangu, Mungu amponye baba. Ng'ombe msimuuze. Mashine hiyo si ile ya kutazamia mimba. Hii hupeleka mawimbi ya sauti ndani ya nyama ili kuzichangamsha. Lakini Cochrane, shirika la watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walipokusanya majaribio yake kwa vidonda hivi mwaka 2006 walipata matatu tu, wagonjwa 146 kwa jumla. Mawili yaliilinganisha na mashine ya kuzuga, isiyotoa mawimbi, na tofauti ya maana haikuonekana.

Kidonda kimeletwa na uzito. Mfupa unaibana nyama kwenye godoro, damu haipiti, nyama inakufa, na yeye hasikii maumivu ya kumfanya ajigeuze. Mgeuzeni kila saa mbili, usiku pia, mto nyuma ya mgongo, visigino visiguse godoro. Analalia nini?

Mwana wa Wete
Godoro la sufi, limeshadidimia katikati. Mkojo twatumia nepi. Dada humsugua penye wekundu kwa mafuta ya nazi.

Nesi Mstaafu
Asisugue tena, nyama za pale ziko taabani! Tafuteni sponji nene. Nepi ikilowa itolewe hapo hapo. Samaki, mayai, maharage kila siku, kidonda kinakula mwili. Na kwa shimo hilo daktari alione wiki hii, nyama iliyokufa huenda ikahitaji kukatwa. Kikinuka au akipata homa, msingoje hata siku moja.

Bint Chake
Mama yetu alikuwa nacho. Tulibandika karatasi ukutani, kila anayemgeuza anaandika saa na ubavu. Kiliziba baada ya miezi mitano, bila mashine.

Mwana wa Wete
Tumemgeuza sasa hivi. Shuka ilikuwa na mkunjo, umemwachia mstari mwekundu kwenye nyonga, urefu wa kidole. Karatasi nimeshabandika. Kesho alfajiri tunampeleka hospitali.