Niandike vidokezo ninaposoma, au nisome moja kwa moja? Naomba ushauri kuhusu IELTS

MwalimuMasasi:

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule ya sekondari hapa Masasi. Baada ya wiki sita nitasafiri kwenda Dar es Salaam kufanya IELTS, mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, kwa karatasi na kwa aina ya Academic (ya wanaoomba masomo ya juu), kwa ajili ya maombi ya shahada ya uzamili nchini Uingereza. Sehemu inayonikosesha usingizi ni ya kusoma. Kuna vifungu vitatu vya habari, maswali 40 na dakika 60 tu, na wakati sehemu ya kusikiliza humpa mtahiniwa wa karatasi dakika 10 za kuhamishia majibu, sehemu ya kusoma haina nyongeza yoyote.

Tangu nikiwa chuoni nimezoea kusoma kalamu ikiwa mkononi, na kila aya ninayoimaliza huifupisha kwa sentensi moja pembeni. Jumamosi iliyopita nilijipima nyumbani, mume wangu akinishikia saa. Vifungu viwili vya kwanza nilivijibu vizuri, lakini nilipofungua cha tatu zilikuwa zimebaki dakika tisa, nikaishia kubahatisha. Nilipata majibu sahihi 24 kati ya 40, ilhali ninahitaji alama 7 katika kipimo cha IELTS kinachoishia 9, ambayo kwa kawaida huhitaji majibu sahihi yapatayo 30. Mume wangu anasema mchawi ni kalamu. Mwalimu mwenzangu anasema nikiiacha nitasahau kila nilichosoma. Nimsikilize nani?

BandariKongwe (Mikindani):

Mwalimu, hongera kwa hatua hiyo. Mtihani huo niliufanya miaka mitatu iliyopita, na ugonjwa wangu ulikuwa huohuo. Kabla sijasema zaidi, tafadhali tuwekee hapa vidokezo ulivyoandika kwenye aya moja tu, kama vilivyo, bila kuvisafisha.

MwalimuMasasi:

Kifungu kilihusu mikoko. Pembeni mwa aya ya pili niliandika hivi: «Mwandishi anaeleza kwamba mizizi inayochomoza juu ya matope huusaidia mti kupata hewa, kwa sababu matope yenyewe hayana oksijeni ya kutosha.» Huwa ninaandika kwa Kiswahili, maana ndivyo jambo linavyoniingia kichwani.

BandariKongwe (Mikindani):

Nilishuku hivyo. Sentensi yako ni sahihi kabisa, nami ningempa alama zote mwanafunzi aliyeiandika, lakini hapa haikusaidii, kwa sababu unafanya kazi mbili ambazo hakuna aliyekuagiza: unafupisha, na papo hapo unatafsiri kutoka Kiingereza. Kisha swali la kujaza nafasi linakuja likidai maneno yaleyale yaliyomo kwenye kifungu, yasiyozidi idadi waliyoiweka, yenye tahajia isiyo na kosa. Maneno hayo huwezi kuyapata katika Kiswahili chako, hivyo ni lazima urudi kwenye aya uitafute upya, na pale pembeni umeacha tu ushahidi kwamba uliwahi kupita.

Piga hesabu. Dakika 60 kwa maswali 40 ni dakika moja na nusu kwa kila swali. Ikiwa kuandika kunakula dakika nne katika kila kifungu, kwa vifungu vitatu umetumia dakika 12, yaani muda wa maswali manane. Tofauti na sehemu ya kusikiliza, ambako sauti ikishapita imepita, hapa kifungu kipo mbele yako hadi dakika ya mwisho. Hulazimiki kukumbuka kilichosemwa. Inatosha kukumbuka kiko wapi.

KoroshoGhafi (Nachingwea):

Ninakubaliana na ndugu yangu wa Mikindani kuhusu sentensi ndefu, ila asije akakushawishi uiweke kalamu chini kabisa. Mimi nilijaribu kusoma bila kuandika chochote, nikajikuta nikisoma kifungu kizima mara tatu kwa sababu ya swali moja la «habari hii imo katika aya gani?» Maswali ya namna hiyo hayafuati mpangilio wa kifungu, na asiye na alama yoyote pembeni huzunguka kama mgeni anayetafuta nyumba usiku.

Ninachofanya ni kuandika neno moja au mawili kwa kila aya, basi. Kwa kifungu chako cha mikoko ningeandika: A, mahali, B, mizizi/hewa, C, samaki, D, ukataji. Majina, miaka na tarakimu ninazizungushia duara tu. Maswali ya Kweli, Si kweli na Haikutajwa (unapewa sentensi uamue kama kifungu kinaikubali, kinaipinga, au hakiisemi kabisa) kwa kawaida hufuata mpangilio wa kifungu, kwa hiyo hayo siyaandikii kitu. Ninashuka nayo kidole kikiwa kwenye mstari.

MwalimuWaKiswahili (Newala):

Nadhani chanzo cha tabia yako, mwalimu mwenzangu, ni sisi wenyewe tunaofundisha lugha. Darasani tunafundisha ufahamu na ufupisho kwa pamoja, mara nyingi kwa kifungu kimoja, na mwanafunzi hutoka akiamini kwamba kila kifungu cha habari lazima kifupishwe. Katika ufupisho ni sawa kuandika hoja kuu kwenye karatasi ya rafu, kwa sababu kinachosahihishwa ni maandishi yako mwenyewe yenye idadi maalumu ya maneno. Katika ufahamu kinachosahihishwa ni jibu. Hata katika mtihani wako, unachoandika kwenye karatasi ya maswali hakisahihishwi. Karatasi ya majibu ndiyo inayosomwa.

Ninao wanafunzi wanaojaza rafu kurasa mbili, kisha kengele inalia wakiwa kwenye swali la tatu. Huwa nawaambia wasome maswali kwanza, kisha wapigie mstari neno linaloulizwa ndani ya swali lenyewe. Hicho kwangu ndicho kidokezo chenye faida kuliko vyote, na hakichukui hata sekunde tano.

BandariKongwe (Mikindani):

Hapo kwa KoroshoGhafi nimesalimu amri. Neno moja kwa kila aya sina ugomvi nalo. Niongeze tu kwamba jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, kwa hiyo muda ukikuishia usiache nafasi hata moja wazi.

MwalimuMasasi:

Nawashukuru sana. Leo nimerudia kwa vifungu vipya: maswali kwanza, neno moja au mawili kwa kila aya, tena kwa Kiingereza. Mara mbili mkono ulianza wenyewe kuandika «Mwandishi anaeleza kwamba», nikaufuta mstari. Nimemaliza dakika tatu kabla ya muda na nimepata 28. Kati ya makosa 12, saba ni ya Haikutajwa, ambako nilijibu Si kweli kwa sababu ya elimu yangu ya Jiografia na si kwa sababu ya kifungu. Mawili nimeyapoteza kwa kuandika maneno matatu mahali palipotakiwa mawili. Mume wangu ameniuliza kama sasa ninakubali kwamba mchawi alikuwa kalamu, nami nimemjibu kwamba kalamu bado ninayo. Mwenye mbinu ya hayo maswali ya Haikutajwa asisite kuandika hapa, zimebaki wiki tano.