Ngazi mbili mbele ya duka la dawa, mteja wa kiti mwendo nimfanyieje?

MamaDawa_Majengo
Habari za jioni wadau. Nina duka dogo la dawa hapa Moshi, Majengo, fremu ya kupanga, mbele kuna ngazi mbili halafu mtaro. Kuna mama anakuja na kiti mwendo, kupanda hawezi, kwahiyo anabaki chini mi nasimama mlangoni tunaongea. Wiki iliyopita alitaka dawa ya mambo ya kina mama na vijana wa bodaboda wako palepale wanasikia kila kitu, akainamisha kichwa akasema basi ntarudi, hajarudi mpaka leo na imeniuma sana. Nataka niweke rampu, yaani njia ya mteremko ya kupitisha kiti, ila fundi anasema atamwaga zege juu ya hizo ngazi amalize siku hiyohiyo, nikiangalia naona utakuwa mlima. Naombeni vipimo.

fundi_pasua
Dada huyo usimpe kazi. Kila sentimita 1 ya kwenda juu inataka 12 za kwenda mbele, pima toka chini mpaka usawa wa mlango, kama ni sentimita 30 basi rampu ni mita 3.6. Mbele huna nafasi hiyo, ilaze ubavuni ifuate ukuta, na hapo mlangoni acha flati ya mita 1.5 kwa 1.5 mtu ageuze kiti. Pembeni inua kingo gurudumu lisitoke nje. Na asipige niru, ule ulaini wa saruji unaong'aa juu, masika ya huku unayajua, zege likiwa bichi apitishe fagio likwaruzike lishike tairi.

mzee wa Rau
Ikilala ubavuni itapita mbele ya fremu ya jirani, ongea nae kabla. Mtaro usiuzibe, weka slabu za kunyanyuka ili usafishike. Mwenye nyumba akileta maneno mkumbushe kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, majengo ya huduma kwa umma yanatakiwa yafikike.

Neema_kitimwendo
Mimi natumia kiti mwendo, niko Soweto hapahapa Moshi. Asante dada kwa kuliona hilo maana wengi wanatuhudumia barabarani wanaona kawaida tu. Ila rampu peke yake haitoshi, naingia duka la dawa nakuta kaunta imenizidi kichwa na juu kuna nondo, napandisha hela bila kumuona anaenihudumia, sasa hiyo siri iko wapi? Shusha kipande cha kaunta kama sentimita 80, na mlango uwe wazi angalau sentimita 80 pia, makreti ya soda yatoke njiani. Kabla ya zege mwite huyo mama, pangeni mbao na tofali kwa mwinuko huohuo apande mwenyewe, na mtu asimsukume kama hajaomba.

MamaDawa_Majengo
Nimepima, ni sentimita 34, kwahiyo mita 4 na kidogo. Jirani wa saluni kakubali, anasema na wateja wake wazee watapitia hapo. Huyo mama nampigia kesho asubuhi. Geti langu la kusukuma lina reli imenyanyuka kidogo hapo chini, nayo inasumbua?

Neema_kitimwendo
Inasumbua mno, yale magurudumu madogo ya mbele yanakwama hapo na mtu anaweza kupitiliza kifudifudi. Fundi achimbe aizamishe iwe sawa na sakafu.