Tupeane uzoefu: tuliyoyaishi Kusini enzi za Mzee Mkapa, ambayo filamu isiyaache

Mwanzisha mada, Masasi

Wazee wangu shikamooni, na ndugu zangu wote habari za kwenu. Mimi na vijana wenzangu wawili tumeanza kukusanya sauti na picha kwa ajili ya filamu ya kumbukumbu kuhusu maisha ya uongozi wa Mzee Benjamin William Mkapa, mwana wa Lupaso aliyezaliwa tarehe 12 Novemba 1938, akawa Rais wa tatu wa nchi yetu kuanzia mwaka 1995 hadi 2005, na akarudishwa Lupaso kuzikwa tarehe 29 Julai 2020. Vyeo vyake havitupi taabu kuvipanga: mhariri wa magazeti, mwandishi wa habari wa Mwalimu Nyerere, balozi, Waziri wa Mambo ya Nje, mbunge wa Nanyumbu, Rais. Taabu yetu ni kwamba tukifuata vyeo hivyo peke yake tutatoa filamu ya Ikulu na viwanja vya ndege, ambayo mtu wa Nangurukuru au Tandahimba hatajiona ndani yake hata kwa dakika moja. Naomba kila mmoja aeleze aliloliishi mwenyewe, liwe tamu au chungu.

Nianze na langu. Mwaka 2001 nilikuwa na miaka kumi na nilikuwa bado sijaandikishwa darasa la kwanza, kwa sababu korosho za nyumbani zilikuwa zimetutupa misimu miwili mfululizo na baba alikuwa ameamua kwamba kilichopatikana kimsomeshe kaka yangu amalize kwanza. Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza Januari 2002, mama alinipeleka shuleni akiwa amevaa khanga yake ya sikukuu. Tulijaa kiasi kwamba tulisomea chini ya mwembe, huku kina baba wakichimba msingi wa madarasa na kina mama wakisomba maji na mchanga. Kalamu ninayoandikia filamu hii niliishika kwa mara ya kwanza chini ya mwembe ule.

Dereva mstaafu, Kilwa

Mwanangu, mimi nilianza kuendesha malori ya kusini miaka ya themanini, na ukitaka kumweleza Mkapa kwa watu wa Lindi na Mtwara huna budi kwanza kueleza Ndundu. Kabla ya daraja tulivuka Mto Rufiji kwa pantoni, na masika yalipoingia mto ulifurika, barabara ikageuka tope, na safari ya kwenda Dar es Salaam ikawa haina siku ya kufika. Nimewahi kulala pale usiku wa nne mfululizo, nikiwa na shehena ya nazi iliyokuwa imeanza kuchipua. Abiria walinunua samaki wa kukaanga na mihogo kwa akina mama wa Ikwiriri mpaka nauli za kuendelea mbele zikawaishia. Wagonjwa walikuwamo, na wajawazito pia. Mama mmoja alijifungua chini ya turubai la lori langu, tukamzungushia khanga za abiria wengine, na mtoto akalia salama kabla pantoni haijarudi upande wetu.

Daraja lilipofunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu mita 970, nilisimamisha lori ng'ambo ya pili na kushuka kutazama nilikotoka. Nilikuwa nimevuka kwa muda wa dakika chache tu, na machozi yalinitoka. Hata hivyo lisemwe lote: daraja halikuwa barabara yote. Kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kututesa miaka mingi baada ya yeye kuondoka madarakani, na tulikwama humo na daraja tukiwa tumekwisha kulivuka.

Mkulima, Newala

Nawaheshimu waliotangulia, lakini la uchungu nitalisema mimi. Mama yangu alikuwa mbanguaji katika kiwanda kimoja cha korosho cha mkoa wetu. Kweli mitambo ilisimama kabla Mzee hajawa Rais, na sitaki filamu imtwike mzigo usio wake. Ila sisi tuliingoja sera ya ubinafsishaji kwa matumaini kwamba mnunuzi ataiwasha tena. Kiwanda kikauzwa, kikageuzwa ghala, na korosho ghafi zikaendelea kusafirishwa kwenda India kubanguliwa na mama wa watu wengine. Mama alibaki na vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda na barua ya kazi aliyoitunza kwenye sanduku hadi leo. Tulikuwa tunaambiana vijijini kwamba Rais ni wa kwetu, na kwa sababu hiyo maumivu yalizidi. Mkitaka kuipiga picha ile barua, njooni.

Mwalimu mstaafu, Ndanda

Mkulima umesema haki, na asikukatishe mtu. Langu ni dogo. Nimefundisha Kiswahili katika eneo hili ambalo Mzee mwenyewe alisoma kabla ya kwenda Pugu na Makerere, na kila mwisho wa mwezi alipolihutubia taifa niliwaketisha wanafunzi mbele ya redio ya betri, nikiwataka wasikilize jinsi sentensi inavyojengwa na mtu aliyekomaa katika chumba cha habari. Alisoma takwimu za madeni ya nje na makusanyo ya kodi kana kwamba anazungumza na watu wazima wenye akili zao, na hilo nalihesabu kuwa heshima. Lakini sauti ninayoisikia mpaka leo ni ya tarehe 14 Oktoba 1999, alipotangaza kifo cha Mwalimu Nyerere. Sokoni kwetu wauzaji waliacha mizani ikining'inia.

Mkazi wa Mtwara, mzaliwa wa Pemba

Naomba pia msiruke Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji kule kwetu. Nilipoteza jirani. Katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2019 Mzee mwenyewe alilikiri tukio lile kuwa doa katika uongozi wake, kwa hiyo filamu haina sababu ya kuliogopa.

Muuguzi, Lindi

Nami naongeza kwamba taasisi yenye jina lake, iliyoanzishwa mwaka 2006, ilipeleka watumishi wa afya kwenye vituo vya vijijini vilivyokuwa havina mtu. Nilipangiwa kazi pamoja na mmoja wao, na zamu zangu za usiku zilipungua.

Mwanzisha mada, Masasi

Asanteni sana. Dada wa Pemba, pole, na la Januari 2001 litaingia bila kupunguzwa. Mkulima, tutafika Newala kwa mama kabla msimu wa korosho haujaanza, tukiomba ruhusa yake yeye mwenyewe kwanza. Mzee wetu wa Kilwa, tungependa tukurekodi Ndundu, umesimama pale pantoni ilipokuwa ikifunga, na ukimpata yule mtoto wa chini ya turubai, ambaye sasa ni mtu mzima, tunaomba naye aje. Mwenye picha ya pantoni ile, hata iliyofifia, atujulishe hapa.