Kura za maoni: sisi tusio na kadi tubaki nje mpaka lini?

Msafiri wa Tabata
Sina kadi ya chama chochote na sina mpango wa kuchukua. Kodi nalipa, foleni kituoni napanga. Ila nikifika pale nakuta mechi ilishachezwa zamani, na wajumbe wa chama nisiowajua hata mmoja. Majimbo mengi, ukishapita kura za maoni, zile za ndani za kuchuja wagombea, za chama kikubwa wewe ni mheshimiwa, Oktoba ni kukamilisha ratiba tu. Kwa nini basi wasituruhusu tusio na chama tupige kura huko huko? Michigan kule Marekani mpiga kura hajiandikishi na chama kabisa. Anafika siku hiyo, anachagua ataingia kura ya ndani ya chama gani, anapiga, anaondoka.

Kadi Mkononi
Mkuu, kwa hiyo mtu wa Simba aende Jangwani kumchagulia Yanga mwenyekiti? Si atawapa yule wa kuwashusha daraja! Chama kina wenyewe. Na hao hao Marekani, Florida na New York bila kujiandikisha na chama kura za ndani huzigusi. Halafu tusidanganyane, mkifungua huo mlango, kule Mbagala mgombea atachaguliwa na fulana na sahani ya pilau.

Msafiri wa Tabata
Siku Yanga ikianza kunikata kodi nitaidai kura Jangwani. Mpaka hapo mfano wako haufanani.

Binti wa Rangi Tatu
Ngoja kwanza. Pilau ya Mbagala umeila lini wewe Kadi Mkononi? Nimezaliwa huku, nimezalia huku, nimesimamia kituo cha kura huku. Watu wanafika saa kumi na moja alfajiri. Nyie wa kishua, upande wa pili wa daraja la Salenda, siku ya uchaguzi mnaenda kuogelea, halafu jioni mnatufundisha demokrasia.

Kadi Mkononi
Dada punguza jazba, nimesema kwa ujumla. Kila mtu anajua.

Binti wa Rangi Tatu
Kila mtu nani? Takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, ilihalalishwa kwa sheria mwaka 2000. Waliopitisha ni wabunge, ndani ya suti, Dodoma. Mpaka Mahakama Kuu ilipokuja kuifuta 2006. Mbagala hatujawahi kutunga sheria ya pilau.

Ngoma Droo
😂😂 Hapo kaingia cha kike. Kadi Mkononi omba maji.

Mzee wa Kahawa Kariakoo
Wanangu, mnagombana juu ya kitu tulichowahi kukifanya. Mwaka 1965, chama kimoja, TANU peke yake, karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, huyu alama ya jembe, huyu nyumba. Waliopiga kura ni raia wote waliojiandikisha, uwe na kadi ya TANU usiwe nayo. Marehemu baba hakuwa na kadi, na akapiga. Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima, akaangushwa Mwanza. Sasa niambieni leo waziri gani anaogopa asiye na kadi.

Kadi Mkononi
Shikamoo mzee wangu. Malizia na nusu ya pili basi. Hao wawili walipatikanaje? Mkutano wa wilaya unapiga kura, Halmashauri Kuu inaamua nani wawekwe mbele ya wananchi. Chujio lilikuwepo.

Mzee wa Kahawa Kariakoo
Marahaba. Chujio lilikuwepo, sikatai. Lakini baada ya chujio tulipewa kikombe. Leo mnachuja na kunywa wenyewe.

Mtu wa Kawe
Hata hao wajumbe mnawaonea bure. 2010 CCM iliwapa wanachama wote kura za maoni za ubunge, 2020 ikarudisha kwa wajumbe. Matokeo yakawa nini? Kawe aliyeongoza kura za wajumbe siye aliyesimamishwa, akasimamishwa Askofu Gwajima. Kwa hiyo hata ukiingia wewe wa Tabata na mke wako na mpangaji wako, jina linaenda juu, linarudi lingine. Mnapigania kiti cha daladala ambayo dereva ndiye anayejua inakwenda wapi.

Ngoma Droo
Wajumbe si watu wazuri. Narudia kwa walioko nyuma.

Mama Ntilie Msomi
Na upinzani msijifanye malaika. Januari 2025 Chadema wakichagua mwenyekiti pale Mlimani City nilikesha na simu, sina kadi ya Chadema wala jirani yangu hana, tukahesabu mpaka asubuhi. Lissu 513, Mbowe 482. Tofauti kura 31! Nchi nzima macho kodo, wapiga kura ukumbi mmoja. Wasoshalisti wa Ufaransa 2011 walifanya hivi: yeyote aliye kwenye daftari la wapiga kura alitoa euro moja, akasaini kwamba anaafiki misingi ya mrengo wa kushoto, akapiga. Hollande akapatikana hapo na urais akauchukua. Kwa nini sisi tusiweke buku moja na saini?

Kadi Mkononi
Buku moja! Unajua tajiri mmoja anaweza kuwalipia buku moja watu wangapi? 2008 mtangazaji wa redio wa upande wa Republican, Rush Limbaugh, aliwahimiza wasikilizaji wake wakampigie Hillary kwenye kura za Democratic ili ugomvi wao na Obama usiishe. Hao wanajiita waungwana. Sembuse...

Binti wa Rangi Tatu
Sembuse nani? Malizia.

Kadi Mkononi
Sembuse sisi sote, dada.

Mwanasheria wa Mtaani
Kiini mnakikimbia. Tatizo ni mgombea binafsi. Asiye na chama akiruhusiwa kugombea, kura za maoni za watu za nini? Mchungaji Mtikila, yule mwanasiasa, alishinda kesi hiyo Arusha 2010.

Mama Ntilie Msomi
2010 ni Mahakama ya Rufani, na hapo alishindwa. Arusha, Mahakama ya Afrika, ni Juni 2013, ndipo aliposhinda. Kesi ya kwanza aliifungua miaka ya tisini. Wewe mwanasheria wa mtaa gani?

Mwanasheria wa Mtaani
Mtaa wenye kelele. Asante mama.

Msafiri wa Tabata
Mimi sitaki kugombea. Nataka kupiga kura tu, na mapema.

Mtu wa Kawe
Chukua kadi basi, mkuu. Shida iko wapi?

Msafiri wa Tabata
Mwajiri wangu, ndiyo shida.

Ngoma Droo
Binti wa Rangi Tatu, hivi ile fulana ya uchaguzi uliopita bado unayo?

Binti wa Rangi Tatu
Ninazo tatu, za vyama vitatu. Moja nadekia, mbili analalia mwanangu. Na kura nilimpa ambaye hakuleta fulana. Mwambie huyo wa upande wa Salenda aje Jumapili, pilau napika mwenyewe, na kadi yake aiache kwao.

Kadi Mkononi
Dada, mimi naishi Gongo la Mboto.