UZI: Bega linauma, meno nayo yanasumbua. Tupeane uzoefu

Mwalimu wa Dodoma (mleta uzi)

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Naleta uzi huu kwa sababu tuko wengi wenye shida hizi mbili kwa pamoja, na ukienda kutibiwa unaelekezwa milango tofauti. Bega ni kwa watu wa mifupa, meno ni kwa daktari wa meno. Wao kwa wao hawaonani, wewe unarudi nyumbani na mifuko miwili ya dawa.

Mimi ni mwanamke wa miaka 52, nafundisha shule ya msingi. Bega la kulia lilianza kuuma polepole, sikuanguka wala sikubeba kitu kizito. Usiku ndio ulikuwa mtihani: nikilalia upande ule nashtuka usingizini. Baadaye maumivu yakapungua lakini mkono ukakataa kupanda. Nikawa naandika nusu ya chini ya ubao tu, zipu ya gauni napandishiwa na binti yangu, na kwenye daladala nashika bomba kwa mkono wa kushoto. Kipindi hichohicho fizi zikawa zinatoa damu kila nikipiga mswaki, na gego moja la chini likaanza kucheza.

Aliyeunganisha mambo ni daktari wa meno. Alitazama fizi, akaniona ninavyohangaika kuvua koti, akauliza mara ya mwisho nilipima sukari lini. Nilipopimwa asubuhi kabla ya kula ikasoma 9.8 mmol/L. Kwa kipimo hicho, 7.0 kwenda juu ikirudiwa na kutoka vilevile ni kisukari. Nilirudia, ikawa ndiyo yenyewe.

Naomba wenye uzoefu waseme: bega liliwachukua muda gani? Mazoezi gani yalisaidia? Na fizi mlizitunza vipi?

Muuguzi Mstaafu, Tanga

Mwalimu pole sana, na hongera kwa kupata daktari mwenye macho.

Ulilonalo ni bega kuganda. Kiungo cha bega kimezungukwa na mfuko mwembamba wa nyama unaokiruhusu kuzunguka kila upande. Mfuko huo ukivimba, unanenepa na kusinyaa, mkono unafungwa. Huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine wote. Kwa kawaida kuna vipindi vitatu: cha maumivu makali, cha kukakamaa, kisha cha kulegea. Safari nzima inaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na kwa mwenye kisukari mara nyingi inakuwa ndefu zaidi. Nakwambia ukweli huu ili usikate tamaa mwezi wa tatu ukadhani umerogwa. Wapo niliowaona wakihama kutoka hospitali kwenda kuchanjwa chale begani kwa sababu tu hakuna aliyewaambia mapema kwamba ugonjwa huu ni wa muda mrefu.

Kuhusu fizi, mambo yanakwenda pande zote mbili. Sukari ikikaa juu, fizi zinashindwa kupambana na vijidudu. Na fizi zikiwa na uambukizo wa muda mrefu, sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Kwa hiyo kukwanguliwa ukoga kwa daktari ni sehemu ya tiba ya kisukari, usione ni urembo tu.

Mazoezi tuliyokuwa tunawafundisha wagonjwa wodini:

Inama kidogo, mkono mzima uegemee meza, mkono unaouma uache uning'inie wenyewe, kisha uzungushe taratibu, miduara midogo.

Simama mbele ya ukuta, vidole vitambae kwenda juu mpaka pale panapovuta. Weka alama ya chaki ukutani, utajionea maendeleo.

La tatu ni la khanga. Ikunje iwe kama kamba, itupe nyuma kupitia bega zima, mkono unaouma uishike chini kiunoni, mkono mzima uvute juu pole pole kama unajisugua mgongo. Shikilia kidogo, achia, rudia. Oga maji ya moto kwanza, au weka kitambaa cha moto begani.

Kama bado uko kwenye kipindi cha maumivu makali, usilazimishe. Kuvuta kwa nguvu kunazidisha uvimbe. Na wakikushauri sindano ya steroidi begani, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, inasaidia maumivu hasa mwanzoni, ila waambie una kisukari, maana inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa.

Fundi Rangi, Mwanza

Asante kwa uzi mkuu. Langu lilikuwa tofauti kidogo. Napaka dari, kutwa mikono iko juu ya kichwa. Bega lilikuwa linauma nikiinua mkono usawa wa bega, nikipita pale linatulia. Nilidhani nimeganda. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, akanilaza, akanyanyua mkono wangu mwenyewe mimi nikiwa nimelegea, ukapanda mpaka juu. Akasema bega lililoganda hata akikunyanyulia mtu mwingine halipandi, la kwangu ni mishipa inayoshikilia misuli ya bega imechoka na inabanwa na mfupa. Mazoezi yake ni mengine kabisa, ya kukaza misuli ya nyuma ya bega. Kwa hiyo wakuu, tusikopiane mazoezi kabla ya kujua bega lako ni lipi.

Swali langu ni la jino. Gego limetoboka, likianza nanunua antibiotiki, dawa za kuua vijidudu, zile za rangi mbili na flajili, linatulia, baada ya muda linarudi. Kuna dawa kali zaidi?

Muuza Duka la Dawa, Dar

Fundi, dawa kali zaidi haitakusaidia. Usaha upo ndani ya mzizi wa jino, ambako mshipa umeshakufa, damu haifiki vizuri na dawa haifiki. Antibiotiki inapunguza uvimbe wa pembeni tu. Chanzo kinaondoka kwa njia mbili: mzizi usafishwe na kuzibwa, au jino ling'olewe. Kila ukinywa na kuacha, unawafundisha vijidudu kuizoea dawa.

Kuna jambo linaniumiza sana kazini. Mteja anakuja na diclofenac aliyopewa ya bega, anaomba ibuprofen ya jino. Hizo ni dawa za ukoo mmoja. Kuzimeza pamoja hakuongezi nafuu ya maana, kunaongeza vidonda vya tumbo, kunachosha figo na kupandisha presha. Mwenye kisukari figo zake tayari ziko kwenye hatari. Naomba mkifika dukani mseme kila mnachomeza, hata kile cha jirani. Na panado kwa mtu mzima mwenye ini zima isizidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, ukihesabu na ile iliyofichwa ndani ya dawa za mafua.

Binti wa Pemba

Sie huku jino likianza ni karafuu. Na inafanya kazi, hata madaktari wa meno hutumia mafuta yake kwenye dawa ya kuziba kwa muda. Weka karafuu nzima pale jinoni uitafune kidogo, au pamba yenye tone la mafuta. Ila mafuta matupu ukiyamwaga yanaunguza fizi. Na asprini kuibandika kwenye fizi msithubutu, inachoma nyama ikawa nyeupe. Karafuu ni ya kukufikisha asubuhi uende hospitali.

Dereva wa Lori, Moshi

Naandika kwa ajili ya mzee wangu. Alikuwa analalamika taya la chini linauma na bega la kushoto zito. Sote tukasema jino, tukasema baridi. Daktari wa meno akagonga kila jino, hakuna hata moja lililouma. Akamuuliza maumivu yanakuja saa ngapi. Mzee akasema nikipanda mlima kutoka shambani, nikikaa chini yanaisha. Daktari hakumgusa tena mdomo, alimpeleka mwenyewe kupimwa moyo kwenye jengo la pili. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Mzee yupo hai, anakunywa dawa zake.

Taya na bega vikiuma ukitembea au ukipanda ngazi na kutulia ukipumzika, usinunue dawa ya jino. Na vikija ghafla pamoja na jasho jembamba, pumzi kukata au kichefuchefu, hapo ni hospitali kubwa dakika hiyohiyo. Walituambia wanawake na wenye kisukari wanaweza kupata shambulio la moyo bila yale maumivu ya kifua tunayoyasikia. Mwalimu, wewe uko kwenye makundi yote mawili, liweke hilo kichwani.

Mama wa Likoni

Mimi niko Mombasa. Kwangu sukari sawa, moyo sawa. Mume ndiye aliyesikia nasaga meno usiku. Asubuhi taya limekaza, kichwa kinagonga, shingo na mabega yote mawili ni mawe. Daktari alinitengenezea kifaa cha plastiki cha kuvaa usiku, meno yasigusane. Yamepoa, ingawa wakati wa mitihani ya watoto hurudi.

Mjasiriamali wa Morogoro

Naomba kuuliza. Nina kisukari na jino limeoza. Mtaani wanasema nikilitoa kidonda hakiponi. Ni kweli?

Muuguzi Mstaafu, Tanga

Mwanangu, jino lililooza ukiliacha ndilo litakaloivuruga sukari yako. Linang'olewa, cha muhimu sukari iwe imedhibitiwa. Nenda asubuhi, kula na unywe dawa zako kama kawaida, ganzi ya jino haihitaji ufunge. Taja dawa zote, hasa kama unatumia za kuyeyusha damu, na usiziache bila kumuuliza daktari. Ukishang'olewa, uma ile pamba vizuri. Siku ya kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usivute sigara, bonge la damu likitoka shimoni maumivu ya siku ya pili na ya tatu utayakumbuka. Kesho yake anza kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Ukiona uvimbe unashuka chini ya kidevu, mdomo haufunguki au mate hayamezeki, usisubiri kukuche. Uvimbe huo unaweza kuziba njia ya hewa.

Mwalimu wa Dodoma (mleta uzi)

Nawashukuru wote, Mungu awalipe. Dereva, kwa ajili yako nimeshaomba nipimwe moyo pia. Sukari imeshuka, fizi zimeacha kutoa damu baada ya kukwanguliwa, gego linacheza kidogo tu na daktari anasema tulipe muda. Bega liko kwenye kukakamaa bado. Alama ya chaki imepanda kwa upana wa viganja viwili.

Kilichobaki ni gharama. Kukwangua fizi natakiwa kurudi mara kwa mara. Mwenye bima aliyefanyiwa huduma hiyo hapa Dodoma, bima yako ililipa yote au uliongezea mfukoni?