Gemu za RPG zinatufundisha kununua usafi wa moyo, na mnazisifu!

Wadau, leo nina hasira na sitaficha. Nazungumzia RPG, gemu ambazo unakuwa mhusika na kuamua atende nini.

Kila nikiingia kibanda cha gemu hapa Gulu nakuta vijana wanaulizana, "Wewe uko upande wa wema au wa ubaya?" Kama mashabiki wa timu mbili! Hakuna anayeuliza nani aliumia, wanahesabu pointi tu. Wala siwalaumu wao. Waliotengeneza gemu ndio waliowazoesha hivyo.

Chukueni Fallout 3 ya mwaka 2008. Kuna mji wa Megaton, watu wamejenga kuzunguka bomu la nyuklia ambalo halijalipuka. Bwana mmoja anakuahidi vizibo 500, ndiyo pesa ya huko, ulilipue. Ukikubali, mji unateketea na watoto wakiwamo, na karma yako, yaani alama ya wema wako, inashuka pointi 1000. Baba yako atakukaripia, kisha mnaendelea na safari. Halafu unamtafuta ombaomba, unampa chupa ya maji safi, karma inapanda 50. Mpe nyingine. Chupa 20 na deni limekwisha! Na huyo ombaomba hata hajui unafuta nini.

Mimi ni mtoto wa Acholi, kaskazini mwa Uganda. Kwetu mtu akiua, damu haifutwi kwa kumfadhili mpita njia. Muuaji anakiri, ukoo wake unalipa fidia kwa ukoo wa marehemu, ndipo pande zote mbili zinakunywa pamoja dawa chungu ya mti wa oput. Hiyo ndiyo mato oput. Baada ya vita vya LRA, waasi wa Joseph Kony, watu walibishana sana kama inaweza kutosha kwa mauaji ya namna ile, na wapo waliosema haiwezi. Ubishi wa namna hiyo ndio ninaoukosa kwenye gemu hizi.

Mass Effect 2 ya 2010 ndiyo inayoniudhi kupita zote. Wenzako wawili wa kikosi, Miranda na Jack, wakigombana, huwezi kuwapatanisha bila kumuudhi mmoja wao mpaka uwe umejaza pointi za kutosha za upande mmoja, Paragon (wema) au Renegade (ukali). Uliyepima kila jambo kivyake, leo huruma, kesho ukali, unakuta jibu limefungwa. Yaani anayefikiri anaadhibiwa, anayebonyeza upande uleule tangu mwanzo anazawadiwa!

Na asije mtu kuniambia "ni gemu tu". Watengenezaji wenyewe ndio wameniuliza nani afe na nani aishi.

Tena inawezekana kufanya vizuri. Undertale ya 2015 ni ndogo, picha zake za kizamani. Muue Toriel, mama mpole anayekutunza mwanzoni, ujute, urudi ulipohifadhi na umwache hai: Flowey, ua linaloongea, atakukumbusha ulichofanya. Hakuna chupa ya maji ya kumnyamazisha.

Nataka mnitajie RPG nyingine zisizo na mita ya wema, zinazokubali kompyuta ya kawaida isiyo na kadi kubwa ya picha. Na wanaoitetea Mass Effect 2, njooni na hoja.