Mrejesho: Kaka ataendelea kushika pesa zake mwenyewe

Habari wakuu. Niliuliza kuhusu kaka yangu, mwanajeshi mstaafu wa Marekani aliyeumia kichwa vitani: Idara ya Masuala ya Maveterani ilipendekeza fidia yake ya ulemavu isimamiwe na mtu mwingine. Barua ilimpa siku 60 za kuleta ushahidi. Tulipeleka maelezo ya daktari wake, risiti za kodi ya nyumba na taarifa za benki. Wameamua anaweza kuzisimamia!

Aliyenieleza kwamba kwa kanuni zao shaka ikibaki, mhusika anahesabiwa anaweza, Mungu akubariki sana. Hapo ndipo tuliposimamia. Kaka husahau miadi, kweli, lakini bili zake zote hulipwa kwa wakati. Mwenye barua kama hiyo aijibu mapema, na aombe kusikilizwa.